UZI: Tong sui ya peasi na yin'er, supu tamu ambayo watu wa Guangdong humpikia mgonjwa wa kikohozi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Swali la supu tamu ya peasi limeulizwa mara nyingi, hasa na watu waliosoma au kufanya biashara Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, ambao wakipata kikohozi huikumbuka lakini hawajui ilivyopikwa. Majibu mengi huishia mstari mmoja: chemsha peasi na sukari, unywe. Jibu hilo ni la kweli kwa kiasi chake, ila linaruka mambo mawili ambayo mpishi wa Kikantoni, yaani mwenyeji wa huko, huyauliza kabla hajawasha moto, yaani kikohozi ni cha namna gani na atakayekunywa ni nani. Nimeishi katika mji ule kwa muda wa kutosha, nikipanga kwa mama mmoja mzaliwa wa hapo ambaye alinifundisha jikoni kwake, kwa hiyo naomba niandike kwa urefu, na mwenye swali aulize nami nitajibu humu humu.

Huko Guangdong, Hong Kong na Macau supu tamu za kila aina huitwa tong sui. Nyingine huliwa kwa kujiburudisha tu baada ya chakula cha usiku, kama ile ya ufuta mweusi uliosagwa au ile ya maharage mekundu, na yapo maduka yanayouza hizo tu. Nyingine hupikwa nyumbani kwa sababu maalumu: choroko wakati wa joto kali, viazi vitamu na tangawizi mtu anapotetemeka kwa baridi, peasi na yin'er (aina ya uyoga mweupe) koo linapokauka. Katika mapokeo hayo chakula na dawa ni ndugu wa karibu. Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, alifundisha kwamba tabibu akishaujua ugonjwa aanze kuutibu kwa chakula, na chakula kikishindwa ndipo ashike dawa. Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilitoka mwaka 1596, aliandika kuwa peasi hulainisha mapafu, huondoa makohozi na kushusha moto wa mwili. Karne zimepita, na bado ndivyo mama wa Kikantoni anavyokueleza akiwa anamenya peasi.

Kanuni wanayoifuata inasema kwamba kila chakula kina tabia yake, ya baridi au ya moto, na tabia hiyo haitegemei kama chakula kimetoka kwenye friji au jikoni. Peasi ni tunda la baridi hata likichemshwa. Tangawizi ni ya moto hata ikiwa imelala kwenye maji ya barafu. Mgonjwa naye hutazamwa kwa jicho hilo hilo. Akiwa na kikohozi kikavu, koo linawasha, midomo imepasuka, kiu haimwishi, na makohozi kama yapo ni machache, mazito na ya manjano, huyo ana ukavu na moto, na supu ya peasi ndiyo yake. Akiwa anasikia baridi hata ndani ya blanketi, kamasi jepesi linamchuruzika na makohozi ni meupe na mepesi, huyo ana baridi, na kumpa peasi ni kumwongezea baridi juu ya baridi aliyonayo. Tofauti hii ndiyo naiona kuwa moyo wa jambo lote, na ndiyo inayopotea kabisa katika mapishi yanayozunguka mitandaoni, ambako supu moja inatangazwa kwa kila mafua.

Ndiyo maana pia supu hii ina msimu wake. Hupikwa zaidi kati ya Septemba na Novemba, majani yanapopukutika na hewa ya China kuanza kukauka, wakati ambao ndio wa mavuno ya mapeasi. Kaskazini, ambako ukavu ni mkali zaidi, watu wa Beijing wana qiuligao, yaani peasi lililopikwa kwa muda mrefu hadi likawa rojo zito la kuchanganya na maji ya moto.

Sasa tuingie jikoni. Kwa sufuria ya kutosha watu wanne, tafuta kichwa kimoja kikavu cha yin'er chenye gramu 15 hadi 20, mapeasi mawili makubwa, tende nyekundu sita hadi nane, kijiko kimoja kikubwa cha gouqi (vitunda vidogo vyekundu vilivyokaushwa), na gramu 40 hadi 50 za bingtang, ile sukari ya mabonge yanayopenya mwanga. Maji ni lita moja na nusu hadi lita mbili. Bingtang ikikosekana, sukari nyeupe ya kawaida inafaa, kwa kuwa zote mbili kwa asili ni kitu kimoja; Wakantoni huipendelea bingtang kwa sababu wanaona utamu wake ni mpole na haiifanyi supu ikwame kooni. Peasi linalofaa ni la Kiasia, lile la mviringo lenye maji mengi na nyama inayotafunika kwa mlio, lakini yale ya kwetu ya milimani nayo yanatoa supu nzuri mradi yasiwe yameiva hadi kulainika.

Yin'er ni uyoga mweupe unaofanana na ua lililokunjamana, na ndio unaoipa supu uzito wake. Zamani ulikuwa ukiokotwa msituni na kuliwa na matajiri tu, kwa sababu hauoti peke yake: unaishi kwa kumnyonya uyoga mwingine unaoozesha mti, na mpaka wakulima walipojifunza kuwaotesha wote wawili pamoja, hakuna aliyeweza kuulima kwa uhakika. Leo wilaya ya Gutian katika jimbo la Fujian huuzalisha kwa wingi ndani ya mifuko iliyojazwa maganda ya mbegu za pamba na unga wa mbao, na bei yake imeshuka hadi kufikiwa na watu wa kawaida. Ukinunua, usivutiwe na ule mweupe pe pe pe, kwani weupe wa namna hiyo mara nyingi hutokana na moshi wa salfa. Ulio mzuri una rangi ya maziwa inayoelekea manjano, na ukiunusa haukuchomi pua.

Tende nyekundu zisikuchanganye na tende za mtende. Ni tunda la mti wa ukoo mmoja na mkunazi wa kwetu, na anayezijua kunazi zilizokauka atautambua undugu huo kwenye kokwa na kwenye ngozi. Toa kokwa zote, kwa sababu Wakantoni huamini kwamba kokwa huongeza moto, na kwa sababu nyingine isiyohitaji imani yoyote, kwamba mgonjwa asije akapaliwa.

Loweka yin'er kwenye maji ya baridi kwa saa moja hadi mbili mpaka iumuke na kuwa laini. Geuza kichwa, kata ile sehemu ngumu ya manjano chini, kisha chambua iliyobaki kwa vidole iwe vipande vidogo kabisa, maana kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo ute unavyotoka upesi. Tia kwenye maji mapya, chemsha kwa moto mkali hadi yatokote, halafu punguza moto uwe mdogo, funika na uache kwa saa moja au zaidi, ukikoroga mara kwa mara ili isishike chini. Hapa hakuna njia ya mkato. Kwa nusu saa ya kwanza utaona vipande vinaelea ndani ya maji matupu na utadhani hakuna kinachotokea. Baadaye maji yanaanza kuwa mazito na kuvutika kama mlenda mwepesi. Chota kijiko, kiinue juu ya sufuria na uangalie tone la mwisho: likidondoka mara moja, bado, likining'inia kwenye ncha, likarefuka, halafu ndipo likaanguka polepole, yin'er imetoa ute wake wote.

Hapo tia mapeasi yaliyokatwa vipande vikubwa pamoja na tende, upike dakika 30 nyingine. Wengi hupika peasi na ganda lake, wakiamini kuwa nguvu ya kutuliza kikohozi iko humo, na mimi nakubaliana nao kwa sababu ya harufu yake, ila lazima lioshwe kwa makini kwa maji na chumvi. Kwa mzee mwenye meno machache, menya. Sukari iwekwe dakika kumi za mwisho, kwa kuwa ikitangulia huchelewesha ute kutoka. Gouqi, vile vitunda vyekundu vya Ningxia, ni vya mwisho kabisa, dakika tano tu, la sivyo hupasuka, hupoteza rangi na kutia uchachu.

Mgonjwa akiwa mmoja na hana hamu ya kula, kuna namna nyingine ambayo naipenda zaidi. Chukua peasi moja zima, kata kipande cha juu pamoja na kikonyo chake kiwe kifuniko, kisha komba katikati kwa kijiko kidogo, ukitoa mbegu zote bila kutoboa chini. Weka ndani mabonge mawili matatu ya bingtang na gouqi chache, rudisha kifuniko, kibane kwa vijiti vya meno, lisimamishe kwenye bakuli na ulipike kwa mvuke kwa dakika 40 hadi saa nzima. Hayawekwi maji hata tone. Ukifungua, ganda limekuwa kahawia na limelegea, nyama imekuwa ya kupenya mwanga, na ndani kumejaa maji matamu yaliyotoka kwenye tunda lenyewe. Mgonjwa hunywa maji hayo kwanza kwa kijiko, yakiwa ya moto wa kustahimilika, kisha hukwangua nyama taratibu.

Naomba sasa msome kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Yin'er isilowekwe usiku kucha juu ya meza. Uyoga huu ukikaa majini muda mrefu kwenye joto unaweza kuota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, ambaye hutengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya, haiondoki kwa kuchemsha, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. China imekuwa na vifo vilivyotokana na yin'er zilizoharibika, na mwezi Oktoba 2020 huko Jixi, jimbo la Heilongjiang, watu 9 walifariki kwa sumu hiyo hiyo baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa. Wala jambo hili haliko mbali nasi: Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na uchunguzi wa maabara uliikuta asidi ya bongkreki ndani ya pombe ile. Kwa hiyo loweka kiasi utakachopika siku hiyo tu, kwa saa chache tu, na ikionekana imelainika hadi kuteleza, imegeuka rangi au inanuka, tupa bila kuhurumia bei.

Majibu kwa maswali ya ukurasa wa kwanza

Shikamoo mzee wetu wa Mombasa, na ahsante kwa mchango wako. Ni kweli kabisa kwamba watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, nao wamekuwa wakigawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto, na bibi zetu walimzuia mtu mwenye kifua kula vile walivyoviona vya baridi. Mapokeo ya pwani yanaungana na tiba ya Wayunani iliyopitia kwa Waarabu, ilhali ya Wachina yana chimbuko lao, kwa hiyo orodha za vyakula hazilingani kila mahali. Lakini mtu aliyelelewa katika nyumba kama yako, mzee, hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mgonjwa anayetetemeka hapewi peasi.

Huyo anayetetemeka apewe nini basi? Kaka aliyeuliza atafurahi kusikia kwamba jibu liko sokoni kwake. Wakantoni humpikia viazi vitamu na tangawizi. Menya viazi viwili vikubwa, katakata vipande vya kuingia mdomoni, viloweke kidogo ili wanga wa juu utoke, kisha vichemshe kwenye lita moja na nusu ya maji pamoja na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba kilichopondwa kwa ubapa wa kisu. Vikikaribia kuiva, tia sukari ya miwa isiyosafishwa. Sukari guru inafanana sana na ile wanayoitumia wao. Inywewe ikiwa ya moto hadi mgonjwa atokwe na jasho kidogo. Kwa hali ya hewa ya Njombe au Limuru mwezi Julai, naona supu hii ina kazi kubwa kuliko ile ya peasi, na inashangaza kwamba haizungumzwi.

Dada aliyeuliza kama kuna ushahidi wa kisayansi ameuliza swali la haki. Madai kwamba peasi linasafisha mapafu hayana uthibitisho wa kutosha wa kitabibu, na hakuna supu inayoua kirusi cha mafua. Lakini umoto wenyewe wa kinywaji umepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff huko Uingereza walichapisha utafiti wa watu 30 wenye mafua, waliopewa kinywaji kile kile cha matunda, kikiwa cha moto au cha joto la kawaida la chumba. Cha moto kiliwapa nafuu ya papo hapo ya kamasi, kikohozi, koo, baridi na uchovu, ingawa pua zao zilipopimwa hazikuwa zimefunguka zaidi. Nafuu hiyo si ndogo kwa mtu ambaye hajalala. Ongeza maji anayoyapata, sukari ya kumpa nguvu kidogo anapokataa ugali, na ute unaopita taratibu kwenye koo lililochubuka, utaona kwa nini kizazi baada ya kizazi hawajaiacha.

Aliyekosa yin'er asiweke wanga wa mahindi ili supu iwe nzito, kwa maana itakuwa uji tu. Apike peasi, tende na bingtang kwa dakika 40, inatosha. Na mwenye yin'er lakini hana peasi atumie papai, kwa kuwa supu ya papai na yin'er ni tong sui inayojulikana sana Guangzhou. Papai liwe limeanza kuiva lakini bado gumu, na liingie dakika 15 za mwisho, vinginevyo litayeyuka lote.

Kuhusu chuanbei, yale matunguu madogo meupe ya mmea wa Sichuan ambayo husagwa na kutiwa ndani ya peasi, sikuiweka kwenye mapishi kwa makusudi. Ni dawa kamili yenye kemikali zake, bei yake ni kubwa, na inachakachuliwa mno. Mama aliyenifundisha alikuwa akiinunua kwa tabibu, kwa vipimo, na kamwe hakumpa mjamzito. Anayeihitaji afuate njia hiyo.

Mwenye kisukari asidanganyike na maneno kwamba bingtang ni sukari ya dawa. Itapandisha sukari ya damu kama nyingine. Apike bila sukari kabisa, na akumbuke kuwa peasi na tende zina sukari yake, kwa hiyo bakuli liwe dogo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aache gouqi, kwa kuwa huongeza nguvu ya dawa hiyo na kuleta hatari ya kuvuja damu. Mwenye kuharisha asinywe supu ya peasi, kwa sababu tunda hilo lina sobitoli inayolainisha choo. Na yeyote ambaye kikohozi kimefika wiki mbili, au anatoa makohozi yenye damu, anatokwa jasho usiku, anapungua uzito, au anapumua kwa shida, aache sufuria aende kupimwa kifua kikuu na mengine hospitalini, supu itamsubiri.

Swali la mwisho lilikuwa la mama mwenye mtoto wa miezi tisa, kama anaweza kumpa supu hii. Mama, usimpe supu yenye asali kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wake haujaweza kuzidhibiti, na kuichemsha nyumbani hakuziui. Yin'er pia isubiri, kwa kuwa vipande vyake vinateleza na vinaweza kumpalia. Kama tayari ameanza kula vyakula vingine, peasi lililopikwa kwa mvuke bila sukari, likapondwa hadi likawa laini kabisa, vijiko vichache, linamfaa, pamoja na kunyonya kama kawaida. Ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, au amekataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeona pia kuna aliyeuliza kama supu inaweza kulala. Inaweza, kwa siku moja, ndani ya friji na si mezani, na ipoe na kufunikwa mara tu baada ya kula. Ukiipasha, ongeza maji kidogo kwa sababu ute huganda, na uikoroge kwa moto mdogo hadi itokote tena.